Kaunti ya Tisini na Tisa

Bi Corinne Halvorson alikuwa amekalia kiti cha mtoto wa shule ya Jumapili, magoti yamempanda karibu na kidevu, na bado alikaa kama aliye mbele ya jaji. Leland Kubicek, mpelelezi pekee wa kaunti ya Harlow, alikalia kiti cha namna hiyo hiyo mbele yake. Chumba hakikuwa na viti vingine. Ukutani, Nuhu na wanyama wake waliopakwa rangi na watoto waliwatazama wote wawili kwa macho makubwa.

"Tuanze upya, mheshimiwa," alisema Kubicek.

"Nimeshaanza upya mara mbili."

"Basi mara hii tutaelewana."

Juu yao upepo ulikuwa unalitikisa kanisa. King'ora cha kimbunga kilikuwa kimelia nusu saa iliyopita, na watu wote waliokuja mjini Nordby kwa mkutano wa kampeni walikuwa wamekimbilia ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri: watu thelathini na ushei, ngazi moja, mlango mmoja. Kwenye ngazi hiyo alisimama Sherifu Dahlgren, kiuno kimebeba bastola na redio, na maneno yake kwa Kubicek yalikuwa machache. Mbingu zikitulia, yule mama anavishwa pingu. Kubicek alikuwa na muda mpaka hapo kumwonyesha kwamba anakosea.

Yule mama alikuwa anagombea Uanasheria Mkuu wa jimbo zima la Iowa. Tangu theluji ya Januari alikuwa ameahidi kwamba hatakwenda kwenye kura kabla ya kukanyaga kila kaunti, na kaunti ziko tisini na tisa. Alikuwa amepewa mikono na wakulima ambao hawakumtaka, amesifia nguruwe wa watu, amekula keki za kila kanisa. Harlow aliiacha ya mwisho, na watu wa Harlow walijua kwa nini. Miaka tisa iliyopita alikuja hapa kutoka makao makuu kama mwendesha mashtaka, ghala la zamani la mbao lilipoteketea na mzee mmoja mlinzi akafia ndani. Alimfunga kijana wa hapa hapa, Toby Opsahl, kifungo cha maisha. Shahidi mkuu alikuwa Ellis Bakken, mpima mizani wa maghala, aliyeapa kwamba aliiona pikapu ya Toby. Kesi hiyo ndiyo iliyompa Corinne Halvorson jina.

Leo saa sita na nusu mchana Ellis Bakken alikutwa amekufa, kifudifudi, chini ya ngazi za handaki la maghala mapya. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka. Kubicek alikuwa ameona watu wengi walioanguka ngazini, na hakuna hata mmoja aliyeanguka kifudifudi akapasuka kisogo.

"Alinipigia simu asubuhi," alisema Corinne. "Akasema, 'Kabla hujamaliza kaunti zako, pitia kwangu ofisi ya mizani saa sita. Nina neno sitaki kuzikwa nalo.'"

"Neno gani?"

"Ningelijua nisingekuwa nimekalia hiki kiti."

"Nani mwingine alijua mtaonana?"

"Dereva wangu. Aliniteremsha, akaenda kutia mafuta. Na Dwight. Ilibidi nimwambie Dwight, ndiye mwenyekiti wangu hapa, ratiba yote iko mkononi mwake."

Dwight Lundeen alikuwa pia meneja wa maghala, na kaka yake Janelle, mke wa Kubicek. Kubicek hakuona haja ya kulitaja hilo. Harlow kila mtu ni shemeji wa mtu, na kama angengoja mpelelezi asiye na ndugu, barabara zilikuwa zimefungwa pande zote.

"Ulifika, ukafanya nini?"

"Nikagonga. Kimya. Nikangoja nje, mlangoni pale. Chini ya ardhi kulikuwa na kitu kinanguruma."

"Mkanda wa kupitishia mahindi."

"Haya, mkanda. Nilingoja kama robo saa mpaka dereva akarudi. Nikaondoka. Nilidhani mzee ameghairi."

"Zaidi ya mkanda ulisikia nini?"

"Hakuna."

"King'ora hukukisikia?"

"Hiki cha kimbunga? Hiki kimelia tumeshafika kanisani."

"Si hiki. Cha saa sita."

Corinne alikunja uso, kama mtu anayetafuta miwani yake. "Dwight alinionya juu ya hicho. Alisema kila siku saa sita mji unapiga king'ora, na wageni hudhani ni kimbunga wakarukia mitaroni. Nilikuwa nimejiandaa nisije nikajiaibisha. Lakini hakikulia."

King'ora cha saa sita Kubicek alikuwa amekisikia tangu yuko kwenye nepi. Kikilia, mbwa wa Nordby hulia pamoja nacho, watoto hupanga mstari, mafundi huweka nyundo chini. Kutoka kituo cha zimamoto hadi maghala hata kiziwi angekisikia. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mtu asingekisikia: chini handakini, mkanda ukiwa unazunguka. Alivunjika moyo. Alikuwa ameanza kumwamini mwanamke huyu, na sasa amejichongea kwa mdomo wake mwenyewe.

Alipomweleza Sherifu, Sherifu alipiga paja.

"Kwisha kazi! Kila aliyekuwa juu ya ardhi leo kakisikia, yeye hakusikia. Alikuwa wapi kama si chini na marehemu?"

"Na mkanda nani aliuwasha, mkuu? Hapakuwa na lori linalopakia. Swichi iko karakana, nyuma ya mlango, nyuma ya makoti. Mgeni angeiona vipi?"

"Ellis mwenyewe aliwasha."

"Ili iweje?"

"Mfufue umuulize. Mimi mkanda haunihusu." Dahlgren hakuwahi kumpenda Corinne Halvorson, na hakuwa mtu wa kuficha. "Wewe mwenyewe king'ora hukukisikia?"

"Nilikuwa magharibi, mwisho wa kaunti, natazama mawingu. Wewe?"

"Nilikuwa kaunti ya jirani, kwenye kikao. Basi muulize aliyekuwepo. Muulize shemeji yako, ofisi yake iko jirani na zimamoto, chini ya mlingoti wenyewe wa king'ora. Akithibitisha, tumemaliza."

Kubicek alikatiza ukumbini. Watu walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu wakizungumza kwa sauti ya chini, kama walio msibani, na kwa kweli walikuwa msibani. Chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya mgombea kilikuwa bado mezani: mapaja ya nguruwe yaliyokatwa vipande, jeli ya kijani yenye karoti, keki za pembe nne. Hakuna aliyekigusa. Janelle alipita na birika la kahawa, akamwekea kikombe mkononi.

"Nyeusi, bila maziwa, kama kawaida yako," alisema. "Mwone Dwight, Leland. Hana raha kabisa. Ellis alikuwa kama baba kwake."

"Ndiye ninayemwita."

"Mwulize taratibu."

Mlangoni mwa jiko, Verna Opsahl alikuwa ameinamia sinia kubwa la viazi vya maziwa, anakwangua kwa kisu. Verna ndiye mama wa Toby. Wanawake wa kanisa walimwambia leo akae nyumbani, akawajibu kwamba zamu ni zamu, na kwamba hajawahi kumnyima mtu chakula kwa sababu ya anachokistahili.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," alimwambia Kubicek. "Vimeungua. Leo kila kitu kimekwenda mrama."

"Vitalika tu, mama Verna," alisema Kubicek, akapita.

Dwight Lundeen alikuwa pande la mtu, kicheko chake kilitangulia kila mahali alipokwenda. Alipoonyeshwa kiti cha mtoto aliguna, akakijaribu kwa mkono kwanza.

"Shem! Kwa hiyo mimi nimeletwa kwa Nuhu. Nipo kundi gani, la viboko au la nguruwe?"

"Kaa, Dwight."

"Nikikivunja utakilipa wewe." Akakaa. Kisha kicheko kikamtoka usoni, akajifuta kwa kiganja. "Maskini Ellis. Nilimwambia mara ngapi asishuke kule, na goti lile."

"Saa sita ulikuwa wapi?"

"Ofisini kwangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu na sandwichi. Unavyonijua. King'ora kikalia, nikaifungua. Mkeo ananisema nanenepa, mwambie leo nilikula moja tu."

"King'ora ulikisikia."

"Shem, kiko juu ya kichwa changu. Madirisha yanatetemeka. Nikainuka nikairekebisha saa yangu ya ukutani, maana inachelewa siku hizi, nikarudi kula." Alishusha sauti. "Sipendi kumsema yule mama. Nimemzungusha kaunti hii kwa gari langu, nimembandikia mabango. Lakini wewe na mimi tunajua Ellis alitaka kumwambia nini. Alitaka kukana kiapo chake cha zamani. Kesi ile ikianguka, na yeye anaanguka."

"Wewe ulijuaje anachotaka kusema?"

"Si mtu unakisia? Mzee amezeeka, dhamiri inamsumbua. Sisi sote tunazeeka."

Hapo taa zikazimika. Ukumbini mtu alipiga yowe dogo, wengine wakamcheka, na juu kitu kizito kikaangukia paa. Kubicek alimwambia Dwight abaki pale pale alipo, akapapasa ukuta kuelekea jikoni kutafuta mshumaa. Ilimjia kwamba kazi imekwisha. Shahidi wa kuaminika, aliyekuwa chini ya mlingoti, amesema king'ora kililia. Mgombea amesema hakikulia. Kilichobaki ni kungoja upepo upungue.

Jikoni Verna alikuwa amewasha mishumaa ya madhabahu na anaendelea kukwangua sinia lake. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa nzito, na Kubicek, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, alisimama kidogo. Alisema kitu cha kusema tu.

"Mama Verna, umepika jiko hili tangu mimi sijazaliwa. Hivi leo viazi vimekushindaje?"

"Havikunishinda. Nilikuwa nangoja king'ora."

"King'ora gani?"

"Cha saa sita, kuna kingine? Naviingiza oveni asubuhi, kikilia navitoa. Sijawahi kutazama saa humu ndani. Leo nimekaa nangoja, nangoja, mara moshi huo."

Kubicek aliuweka mshumaa chini polepole.

"Hakikulia?"

Verna aliacha kukwangua. Hakuwa mtu mzito wa kuelewa. Alitazama uso wake, akatazama ukumbini, ambako Corinne Halvorson alikuwa ameketi peke yake mwisho wa meza, viti viwili vitupu kila upande.

"Kwa nini unaniuliza?"

Angeweza kumdanganya. Mwalimu wake wa kazi angemwambia asimpe shahidi sababu ya kuchagua jibu. Lakini hakuweza kumficha mwanamke huyu, kati ya watu wote.

"Kuna mtu anasema alisimama nje saa sita, na hakukisikia."

"Yule."

"Yule."

"Na Dahlgren anadhani anaongopa."

"Ndiyo."

Verna aligeuza kisu mkononi. "Toby alisimama mbele ya yule mama akasema, 'Sikuwepo.' Nilikuwa benchi ya pili. Yule mama alimwambia, 'Hata mtoto hudanganya vizuri kuliko hivyo.' Watu wakacheka." Akainua macho. "Nikisema kililia?"

"Sherifu anamchukua."

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote."

Alirudi kwenye sinia. Alikwangua kona moja mpaka bati likang'aa, kisha akahamia kona ya pili. Kubicek alingoja. Hakuwa na haki ya kumsukuma, na alijua hivyo.

"Hakikulia, Leland," alisema hatimaye, na machozi yalikuwa yanamtoka bila ya yeye kuyafuta. "Hakikulia, ndiyo maana viazi vimeungua. Mimi siwezi kumfanyia mtu nilichofanyiwa. Ningependa, lakini siwezi. Muulize Palmer."

Palmer alikuwa mkuu wa zimamoto, na alikuwa kituoni kwake anapokea taarifa za miti iliyoanguka. Kubicek alimnyang'anya Sherifu redio kiunoni kabla hajaulizwa anafanya nini.

"Palmer, saa sita ulipiga king'ora?"

Redio ilikwaruza. "Nipige, nichekwe? Hadhari ya vimbunga ilitoka tangu saa nne asubuhi. Siku ya hadhari king'ora cha chakula hakipigwi, watu wasije wakachanganyikiwa. Nilikizima mwenyewe. Leland, wewe ni mtu wa hapa, hukumbuki hata hilo?"

Alikumbuka sasa. Alikumbuka, akaona aibu. Kila mtu wa Nordby alilijua sharti hilo, na kila mtu wa Nordby, ukimuuliza ghafla, angekuapia kwamba saa sita kililia, maana kila siku kinalia. Ni mgeni tu, aliyeambiwa akitegee, ndiye aliyekitegea kweli.

Sherifu alikuwa amesikia yote. Alikuna shavu.

"Mtu anaweza kukosea. Dwight kasema kwa mazoea."

"Anayekosea husema 'nadhani'. Huyu kanisimulia alivyofungua sandwichi, na alivyorekebisha saa ya ukutani. Hakukisikia kwa sababu alikuwa mahali ambapo hakisikiki hata kikilia. Aliamini kimelia juu huko, akakitia kwenye hadithi yake."

"Ni kaka wa mkeo, Kubicek."

"Najua ni kaka wa nani."

Alirudi chumba cha Nuhu na mshumaa. Sherifu alibaki mlangoni. Dwight alikuwa hajainuka kwenye kile kiti kidogo, kivuli chake kimejaa ukuta mzima, na Kubicek alipomtazama alimkumbuka akimfundisha kuendesha trekta, akimshika usukani, akicheka. Alimpenda mtu huyu. Alitaka kwa moyo wake wote amkute na sababu.

"Shemeji," alisema, "narudia jambo moja dogo. Una uhakika ulikisikia king'ora?"

"Si nimekwambia?"

"Watu husahau. Siku ya pilikapilika kama leo, mtu anaweza asikisikie, au akawa hayupo ofisini, katoka kidogo. Si dhambi. Sema tu, nitaandika hivyo."

Dwight alimtazama. Kulikuwa na wakati mfupi ambapo Kubicek aliona kwamba Dwight ameelewa alichokuwa anaambiwa. Kisha akatabasamu.

"Shem, mimi nimezaliwa chini ya king'ora kile. Kililia, nikala. Unataka niape kwa Nuhu?"

"Leo hakikulia, Dwight."

"Kila siku kinalia."

"Leo kulikuwa na hadhari. Palmer alikizima asubuhi."

Upepo ulikuwa umepungua kidogo, na katika utulivu ule sauti za ukumbini ziliingia, vikombe, mtoto akiuliza kama wanaweza kula keki sasa. Dwight alilamba midomo.

"Basi nimechanganya na jana. Kuna ubaya gani? Nilikuwa ofisini, hilo ndilo la maana. Nilikuwa ofisini saa sita yote."

"Hukuwepo."

Sauti hiyo haikuwa ya Kubicek. Janelle alikuwa amesimama nyuma ya Sherifu na birika lake la kahawa. Hakuna aliyejua ni tangu lini.

"Nilikupigia simu ofisini," alimwambia kaka yake. "Tulikuwa tumepungukiwa viti. Nilitazama saa ya hapo juu ya ngazi, ilikuwa sita kamili, nikasema nimpate kabla hajatoka kula. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena." Alisema pole pole, kama anayesoma kitu asichokipenda. "Dwight, ulikuwa wapi?"

Dwight alimtazama Kubicek kwa macho ambayo Kubicek hakuyajua.

"Umenitega."

"Nilikufungulia mlango, shemeji. Wewe ndiye uliyeufunga."

Yule mtu mkubwa aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Alipoanza kusema aliiambia sakafu.

"Mahindi yalikuwa yameoza. Ghala zima, kwa uzembe wangu. Nikasema likiungua hakuna atakayejua. Sikujua kama mlinzi amelala ndani, naapa, sikujua. Ellis aliniona natoka. Nikamwambia aseme ni pikapu ya Toby, Toby alikuwa mlevi, hana kazi, nani angemlilia? Kanyamaza miaka yote hiyo! Angenyamaza mingine michache tu, kwani alikuwa amebakiza mingapi? Nikashuka kumbembeleza. Niliwasha mkanda ili asisikike akipiga kelele tukibishana. Nilibembeleza kwanza, Leland. Nilimbembeleza kabisa."

"Na kisogo?"

"Aligeuka kuondoka," alisema Dwight.

Sherifu ndiye aliyempa Kubicek pingu. Hakusema neno la ushindi wala la pole, na kwa hilo Kubicek alimshukuru. Mikono ya Dwight ilikuwa minene, pingu zilifungika kwa shida.

Kimbunga kilipita kaskazini ya mji. Kiling'oa paa la ukumbi wa shule na miti yote ya barabara kuu, na Palmer alisema kwenye redio kwamba hakuna gari litakalotoka wala kuingia Nordby mpaka misumeno ifike. Mlango wa juu ulikuwa umezibwa na mti wa kanisani. Watu walipanda ngazi wakausukuma, wakacheka kwa woga, wakarudi chini. Kwa hiyo walibaki, wote thelathini na ushei, pamoja na mtu aliyefungwa pingu, kwenye meza zile zile.

Ni Verna aliyewaambia wale chakula. Alipanga sahani, akawawekea viazi kutoka katikati ya sinia, ambako havikuungua sana, na mtu akimwambia asijisumbue alimwambia akae. Alimpelekea na Dwight. Aliiweka sahani mbele yake, akasimama kidogo akimtazama, mkono umeshika ukingo wa meza, kisha akaenda zake.

Corinne Halvorson alimfuata jikoni. Kubicek aliwaona kupitia dirisha la kupitishia vyombo. Mgombea alisimama mikono imening'inia.

"Nitairudisha kesi ya Toby mahakamani kesho," alisema mwishowe. "Kama barabara... Nitakwenda mwenyewe. Nitasema mimi ndiye niliyekosea. Mama Opsahl, sijui nianzie wapi."

"Umezunguka jimbo zima unaomba kura," alisema Verna. "Hapa utaomba kitu kingine. Lakini si leo, leo sina. Shika hicho kitambaa, kausha sahani."

Corinne alishika kitambaa, akakausha.

Kubicek alikaa karibu na ngazi, sahani yake mapajani, kwenye kiti cha mtoto, maana vya watu wazima vilikuwa vimekwisha. Hakuweza kula. Mbele yake, mwisho wa meza, Janelle alikuwa ameketi kando ya kaka yake. Dwight hakuweza kutumia kisu na mikono ile, kwa hiyo Janelle alikuwa anamkatia nyama vipande vidogo, kimoja kimoja, bila kumtazama na bila kumwambia neno. Alipomaliza aliinuka, akachukua birika, akaanza kuzunguka meza kama ilivyokuwa zamu yake. Aliwamiminia wakulima, akamtilia Sherifu, akamtilia dereva wa mgombea. Alifika kwa mumewe. Alikijaza kikombe vizuri, bila kumwaga hata tone, akachukua na kijagi cha maziwa kutoka mezani, na kwa sauti ya adabu, ile ya kusemeshea wageni wanaokuja kanisani kwa mara ya kwanza, akamwuliza:

"Wewe unatia maziwa?"